Gobori Lisipolia: Somo la Kutafuta Kosa na Kupata Kipimo Chema cha Baruti

Msomaji, tuseme una shamba la mahindi kando ya msitu, na nguruwe huja kila usiku kuliharibu. Una gobori lako na cheti chake, ukapanda dunguni tangu magharibi. Mwezi ukatoka, nguruwe wakaingia, ukalenga sawasawa, ukafyatua. Mtambo ukaanguka, ukasikia "ta!", kisha kimya. Bunduki haikulia. Sasa utafanya nini?

Watu wengi katika saa hiyo hufanya moja la mambo matatu, na yote matatu yana mauti ndani yake. Wa kwanza huigeuza bunduki akachungulia mdomoni. Wa pili huishusha upesi na kuanza kuuchokora mtambo, na huku mtutu unamwelekea mwenziwe. Wa tatu hudhani kwamba alisahau kuishindilia, akatia baruti na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Somo hili limeandikwa ili msomaji ajue jambo la nne, lililo jema, na tena ajue jinsi ya kuitunza na kuipimia bunduki yake hata isimkatalie mara kwa mara.

BUNDUKI YENYEWE

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Kwanza hutiwa baruti, kisha risasi, navyo husukumwa kwa mdeki mpaka chini kabisa. Moto huingia kwa nyuma katika tundu dogo. Katika bunduki za kale moto huo hutoka katika jiwe la gumegume lipigapo chuma. Mwaka 1807 padre mmoja wa Scotland, jina lake Alexander John Forsyth, alipata hati katika Uingereza kwa mtambo wake uliotumia dawa inayowaka ikigongwa. Baadaye ikatokea fataki, yaani kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ya namna hiyo ndani yake, kivikwacho juu ya chuchu ya chuma. Nyundo ya mtambo huigonga fataki, cheche hupita katika tundu la chuchu, na baruti huwaka.

Mitutu ni ya namna mbili. Mmoja ni laini ndani kama bomba. Wa pili una mifuo, yaani mifereji myembamba inayozunguka ndani kama uzi wa parafujo. Mifuo huizungusha risasi, nayo ikizunguka hushika njia yake hewani, kama vile pia isivyoanguka wakati inapozunguka. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia silaha za moto zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, hasa zile zenye mifuo, yakaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Hiyo ni sababu moja ya magobori mengi ya kwetu kuwa laini ndani. Walakini mafundisho ya kutafuta kosa ni yale yale kwa zote mbili, na mwenye bunduki ya mifuo atapata faida zaidi katika sehemu ya vipimo.

MAMBO YASIYO NA HIARI

Kabla ya yote yapasa kushika mambo manne. La kwanza, bunduki hii hula baruti nyeusi, au ile iliyotengenezwa maalum kuwa badala yake, wala hapana nyingine. Baruti isiyo na moshi, ya risasi za bunduki za kisasa, nguvu yake hupanda kwa namna nyingine kabisa. Kiasi kidogo kilichofumuliwa katika risasi hizo kikitiwa ndani ya gobori huweza kuupasua mtutu na kuuondoa mkono wa mwenyewe.

La pili, bunduki iliyoundwa kwa bomba la maji haiwezi kuponywa na somo hili. Bomba halikufanywa kuhimili baruti. Hata likilia mara kumi salama, mara ya kumi na moja huweza kupasuka. Tena mara nyingi silaha ya namna hiyo haina cheti. Dawa yake ni kuipeleka kwa wenye mamlaka.

La tatu, baruti imiminwe kutoka katika kipimo kidogo, isimiminwe moja kwa moja kutoka katika pembe au chupa. Ikiwa kaa la moto limebaki ndani ya mtutu kwa mpigo uliotangulia, ni heri liwashe kipimo kimoja kuliko liwashe pembe nzima mkononi mwako.

La nne, mdomo wa bunduki usielekee kamwe kitu usichotaka kukiharibu, hata kama unaamini kwamba haina kitu. Wengi waliouawa kwa bunduki "tupu" waliuawa na imani hiyo.

DAKIKA MBILI ZA KWANZA

Sasa turudi dunguni. Mtambo umeanguka, bunduki haikulia. Usiteremke, usigeuke, usiinue kichwa kutazama. Ishike bunduki vile vile, mdomo wake ukielekea mahali ulipolenga, uhesabu polepole mpaka dakika mbili zitimie. Nguruwe watakwenda zao, waache. Sababu yake ni hii: cheche huenda imeingia katika baruti yenye unyevu, nayo ikawa inafuka kama utambi, kisha ikawaka baadaye kidogo. Mtu aliyekwisha kuigeuza bunduki wakati huo hupigwa na risasi yake mwenyewe.

Dakika mbili zikipita, vua fataki taratibu na huku mdomo ungali mahali pa salama. Itazame fataki hiyo. Yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza, nayo itakuambia kosa liko upande gani. Kama haikupasuka, kosa ni la fataki au la mtambo. Kama imepasuka, kosa liko katika njia ya moto au katika baruti.

FATAKI HAIKUPASUKA

Ziko sababu tatu za kawaida. Ya kwanza, fataki haikukaa chini barabara juu ya chuchu. Nyundo ikaisukuma tu, nguvu yake ikaishia hapo. Alama ya kosa hili ni kwamba fataki ile ile hulia katika pigo la pili. Likitokea mara kwa mara, itazame chuchu: huenda kichwa chake kimepondeka kikawa kipana kama kichwa cha msumari, au fataki ulizonunua ni ndogo mno kwa chuchu hiyo. Badili moja, usizisukume kwa nguvu.

Sababu ya pili ni unyevu. Fataki zilizokaa wazi wakati wa masika hupoteza nguvu. Ziwekwe katika kopo lenye kifuniko, mbali na baruti.

Sababu ya tatu ni mtambo wenyewe. Kamani imechoka, au mafuta mazito yamechanganyika na vumbi ndani yake, au nyundo huangukia ukingo wa chuchu, isianguke katikati. Hiyo ni kazi ya fundi wa bunduki mwenye leseni.

Ikiwa bunduki ni ya gumegume, litazame jiwe. Makali yake yakiwa butu au yamepakwa mafuta, hayatoi cheche. Jiwe lipangwe lipige chuma kwa makali yake yote, wala si kwa pembe moja. Baruti ya kijisahani iwe kidogo, na isilifunike tundu la moto. Mtu akilijaza tundu kwa baruti, moto hulazimika kula chembe moja baada ya nyingine kama unavyokula utambi, na bunduki huchelewa kulia. Tundu likiwa wazi, mwali huruka ukaingia mara moja.

FATAKI IMEPASUKA, BARUTI HAIKUWAKA

Hapa wengi huilaumu baruti, na mara nyingi wanaionea. Mkosaji mkubwa ni mafuta. Mtu huisafisha bunduki yake vizuri, akaupaka mtutu mafuta mengi, akaisimamisha pembeni mdomo ukiwa juu. Mafuta huteremka kidogo kidogo mpaka yakafika chini, kwenye tundu la moto. Siku ya kuwinda humimina baruti juu ya mafuta hayo. Basi bunduki iliyotunzwa na kupakwa mafuta mengi huweza kukataa, na ile ya jirani mvivu ikalia. Hii si sababu ya kuacha kusafisha. Ni sababu ya kuyafuta mafuta kabla ya kushindilia.

Basi kabla ya kutia baruti ya kwanza ya siku, pitisha kitambaa kikavu mpaka chini, mara mbili au tatu. Kisha, bunduki ikiwa haina baruti wala risasi, na umehakikisha hivyo kwa mdeki, weka fataki tupu, elekeza mdomo karibu na jani kavu chini, ufyatue. Jani likitikisika, njia ya moto i wazi. Jani lisipotikisika, njia imeziba. Chomoa chuchu na uisafishe kwa sindano. Fataki ya pili hukausha mabaki ya mafuta. Jaribio hili halichukui hata dakika tano, nalo lingaliokoa safari nyingi za bure.

Mkosaji wa pili ni masizi. Baruti nyeusi haiwaki ikaisha yote: zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa, bali hutoka kama moshi au hubaki mtutuni kama uchafu mgumu. Uchafu huo una chumvi inayovuta maji ya hewani. Mtu akipitisha kitambaa kilicholowa sana, huusukuma uchafu mpaka chini na kuliziba tundu kwa tope. Kitambaa cha kusafishia baina ya mipigo kiwe na unyevu kidogo tu, nacho kifuatwe na kikavu.

Mkosaji wa tatu ni mwenye bunduki mwenyewe, aliyesahau kutia baruti akashindilia risasi peke yake. Msicheke, kwa maana huwapata hata walio hodari, hasa wakizungumzishwa wanaposhindilia.

ALAMA MBILI JUU YA MDEKI

Kuna dawa ya kusahau, nayo haigharimu hata senti. Bunduki ikiwa tupu, tia mdeki mpaka chini, ukate alama ndogo juu yake mahali unapolingana na mdomo wa mtutu. Hiyo ndiyo alama ya "tupu". Kisha shindilia kipimo chako cha kawaida, utie mdeki tena, ukate alama ya pili. Hiyo ndiyo alama ya "tayari". Tangu siku hiyo mdeki wako husema kweli. Ukizama kupita alama ya tayari, hakuna baruti au imepungua. Alama ya tayari ikisimama juu ya mdomo, ama risasi haikufika chini, ama mna vipimo viwili ndani. Katika hali zote mbili usifyatue. Risasi iliyoacha nafasi baina yake na baruti huweza kuuvimbisha mtutu au kuupasua.

Wala msidhani kwamba kosa la kushindilia mara mbili ni la wajinga wa porini. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, baada ya mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863, zilikusanywa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Zipatazo 24,000 kati ya hizo zilikuwa zingali zimeshindiliwa, na nyingi zilikuwa na vipimo viwili au zaidi ndani yake. Hao walikuwa askari waliofunzwa. Katika kelele na hofu hawakusikia kwamba bunduki zao hazikulia, wakaendelea kushindilia. Yaliyowapata hao huweza kumpata mtu aliye peke yake gizani.

KUITOA RISASI ILIYOKWAMA

Mdeki ukionyesha kwamba baruti imo na risasi iko mahali pake, na fataki imepasuka bure, zibua tundu la chuchu kwa sindano, tia chembe chache za baruti laini ndani yake, weka fataki mpya, ulenge mahali pa salama, ufyatue. Mara nyingi italia.

Kama umeshindilia risasi bila baruti, chomoa chuchu, ingiza baruti kidogo kwa tundu lake, irudishe chuchu, kisha hakikisha kwa mdeki kwamba risasi bado imekaa chini kabisa. Ndipo uweke fataki na kufyatua. Risasi itatoka kwa pumzi ndogo, na hiyo yatosha. Wakati wa kutumia mdeki fataki isiwepo, na mkono wala kichwa visikae juu ya mdomo.

Isipotoka kwa njia hiyo, mimina maji kwa tundu la chuchu, uiache baruti ilowe kabisa, ndipo uivute risasi kwa parafujo ya kuvutia inayofungwa katika ncha ya mdeki. Usiivute kamwe risasi iliyo juu ya baruti kavu.

KUTAFUTA KIPIMO CHEMA

Bunduki ikiisha kukubali kulia kila mara, swali la pili ni hili: ile baruti kiasi gani? Wako wapimao kwa kiganja, na wako wapimao kwa vidole juu ya mdeki. Viganja havilingani, wala vidole havilingani. Jipatie kibomba cha kupimia chenye alama. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, na kipimo chake huitwa greni. Ratili moja ina greni 7,000.

Tutwae mfano wa bunduki ya mifuo yenye mtutu wa nusu inchi, inayopendwa na wawindaji wa Marekani hata leo. Risasi yake ya mviringo huwa na upana wa inchi 0.490, na uzito wa greni 177 hivi. Hufungwa katika kitambaa cha pamba chenye unene wa inchi 0.015 kilichopakwa mafuta, kwa kuwa kitambaa ndicho kinachoshika mifuo na kuizungusha risasi. Mwenye bunduki ya namna hiyo aweza kuanza kwa greni 50. Walakini kila bunduki ina mpaka wake uliowekwa na waliyoitengeneza, na mpaka huo usivukwe kwa sababu yoyote. Bunduki ya kale isiyojulikana mpaka wake ikaguliwe na fundi kwanza.

Weka shabaha hatua 25. Egemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, ili makosa ya mkono yasichanganyike na makosa ya baruti. Piga mara tano kwa greni 50, ukisafisha mtutu kwa namna ile ile baina ya mpigo na mpigo. Pima upana wa matundu matano katika shabaha, uandike katika daftari. Kisha ongeza greni 5, upige tano nyingine juu ya karatasi mpya. Endelea hivyo. Utaona kwamba matundu hukaribiana kidogo kidogo, halafu baada ya kiasi fulani huanza kutawanyika tena. Kipimo chema ni kile kilichoyakusanya pamoja, wala si kile kilichopiga kelele kubwa na teke kali.

Sheria ya jaribio hili ni moja: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtu akibadili baruti, kitambaa na mafuta siku moja, hata akifaulu hatajua ni kipi kilichomfaa.

Baada ya kupiga, tembea hatua chache mbele, bunduki ikiwa tupu, uviokote vitambaa. Kitambaa kilichoungua katikati kidogo tu na kingo zake zikiwa nzima ni habari njema. Kilichotoboka kwa moto ni chembamba mno, au kina mafuta machache, au baruti imezidi. Kilichokatwa kama kwa wembe chasema kwamba mdomo wa mtutu au mifuo ina makali, au kitambaa kimebana kupita kiasi.

Tena mifuo yenyewe hutofautiana. Mtutu ambao mfuo wake huzunguka mara moja katika inchi 66 hupenda risasi ya mviringo. Ule uzungukao mara moja katika inchi 28 hupenda risasi ndefu. Risasi ndefu yenye shimo kitakoni ilijulikana sana kwa kazi ya Claude-Étienne Minié, ofisa wa Kifaransa, mwaka 1849. Huingia kwa urahisi, na baruti ikiwaka kitako chake hupanuka kikashika mifuo. Bunduki ya Enfield ya mwaka 1853 ya askari wa Uingereza ilitumia risasi ya namna hiyo katika mtutu wa inchi 0.577, kwa baruti ya greni 68. Basi aonaye kwamba risasi zake hutawanyika kwa kila kipimo, asiongeze baruti. Ajaribu namna nyingine ya risasi.

Mwisho wa jaribio, rudi nyuma hatua kwa hatua, mpaka mahali ambapo mipigo yako mitano haiingii tena katika upana wa sahani ya kulia. Hapo ndipo mwisho wa haki yako ya kumpiga mnyama. Mnyama aliyejeruhiwa akaenda kufia porini ni nyama iliyopotea na ni ukatili. Na nyati aliyejeruhiwa huja kumlipiza mwingine asiyejua habari, pengine mwanamke aendaye kuteka maji asubuhi.

KUOSHA

Siku ile ile, kabla ya kulala, osha mtutu kwa maji ya moto na sabuni. Chumvi ya baruti na ya fataki huyeyuka katika maji, haiyeyuki katika mafuta. Apakaye mafuta juu ya masizi huifungia kutu ndani. Kausha kabisa, ndipo upake mafuta kidogo, ukauweke mtutu mdomo ukielekea chini. Usiiache bunduki nyumbani imeshindiliwa. Watoto hawajui alama za mdeki, na baruti iliyolala usiku kucha katika mtutu huvuta unyevu.

Walimu wanaweza kuwasomea watu wazima sehemu ya dakika mbili na ile ya mdeki, maana wenye magobori si wote wajuao kusoma. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu la chuchu ni ufa mdogo kuliko yote, nalo huzibuliwa kwa sindano. Lakini mwenye haraka asiyengoja dakika mbili, ukuta wake hujengwa na wengine, kaburini.